Kukarabati ni kuchagua mwaka: Bunge kongwe la Mississippi lililogeuzwa makumbusho

Fundi akiitwa kukarabati nyumba ya mtu, hana maswali mengi. Paa linavuja, liezekwe. Ukuta umepasuka, uzibwe. Mlango umeliwa na mchwa, uwekwe mwingine. Lakini akiitwa kwenye jengo la serikali la tangu karne ya 19 ambalo sasa linatakiwa liwe makumbusho, kuna swali analopaswa kuuliza kabla hajashika nyundo, nalo huwashangaza wengi: nilirudishe mwaka gani?

Swali hilo si la mzaha. Jengo la serikali halikai kama lilivyojengwa. Kila utawala unagawa vyumba, unaongeza bawa, unaziba dirisha, unapaka rangi yake. Baada ya miaka 100 unachokiona ni majengo manne au matano yaliyolaliana. Ukisema unalirudisha katika hali yake ya awali, umeamua kwamba moja kati ya hayo ndilo la kweli na mengine ni uchafu wa kukwanguliwa. Uamuzi huo hauishii kwenye lipu na mbao. Unafika mpaka kwenye historia itakayosimuliwa humo ndani.

Mfano unaonisaidia kulieleza jambo hili uko Jackson, mji mkuu wa jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Jengo lenyewe huitwa Old Capitol. Lilikuwa Bunge la jimbo tangu 1839 hadi 1903, likakaa tupu miaka 13, likawa ofisi za serikali, na tangu 1961 ni makumbusho.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "jimbo", kwa sababu kwetu linaweza kumaanisha eneo la mbunge. Jimbo la Marekani lina gavana wake, mahakama zake, katiba yake, na bunge lake lenye mabaraza mawili (Nebraska peke yake ina moja). Ndiyo maana kila jimbo lilijijengea jengo la fahari lenye nguzo na kuba. Watu walipoongezeka, mengi ya majengo hayo yakawa madogo, yakajengwa mapya, na ya zamani yakabaki yakisubiri kubomolewa au kuokolewa. Yaliyookolewa, mengi yamekuwa makumbusho: Little Rock kule Arkansas, Baton Rouge kule Louisiana, Tallahassee kule Florida, Springfield kule Illinois.

Hayo mawili ya mwisho yanafaa kutazamwa kidogo, kwa kuwa yanaonyesha jinsi mwaka unavyochaguliwa. Bunge la zamani la Florida lilikuwa limeongezwa mabawa mara kadhaa katika karne ya 20, kisha miaka ya 1970 likajengwa ghorofa refu nyuma yake na la zamani likapangiwa kubomolewa. Wananchi wakapiga kelele, likaokolewa. Waliolirudisha walichagua mwaka 1902, kwa hiyo mabawa yote ya baadaye yakaondolewa, na madirisha yakavishwa tena vitambaa vya kukinga jua vya mistari myekundu na myeupe. Jengo likafunguliwa 1982 likiwa dogo kuliko lilivyokuwa miaka kumi nyuma.

Springfield walikwenda mbali zaidi. Humo ndimo Abraham Lincoln alimotoa mwaka 1858 hotuba yake maarufu ya nyumba iliyogawanyika. Mwaka 1899 jengo hilo liliinuliwa juu na kuchomekewa ghorofa nyingine chini yake. Watu wa miaka ya 1960 walitaka jengo la Lincoln, si la 1899. Basi wakalifungua jiwe kwa jiwe, wakachimba shimo, wakajenga maegesho ya magari chini ya ardhi, kisha wakayarudisha mawe juu yake. Mgeni anayeingia leo anayaona mawe ambayo Lincoln aliyaona. Vyumba vilivyo nyuma ya mawe hayo vilijengwa na watu waliokuwa na televisheni nyumbani.

Sisi kwa Kiswahili neno "ukarabati" tunalitupia kila kazi, iwe barabara, meli, darasa au ikulu. Wahifadhi wa Marekani, kwa miongozo ya serikali yao kuu, wanatenganisha mambo manne. Kuna kulitunza jengo kama lilivyokufikia, na matabaka yake yote. Kuna kulifanya lifae matumizi mapya huku ukilinda kile kinacholipa sura yake. Kuna kulirudisha kwenye wakati mmoja uliouchagua, ukiondoa vya baadaye. Na kuna kujenga upya kitu ambacho hakipo tena. Ukisoma kibao kinachosema jengo "limekarabatiwa", uliza ni lipi kati ya hayo manne. Mara nyingi ni yote manne, kila moja kwenye kona yake.

Sasa turudi Jackson.

Bunge la Mississippi liliidhinisha ujenzi mwaka 1833. Msanifu wa kwanza alifukuzwa kazi, akaletwa William Nichols, Mwingereza mzaliwa wa Bath ambaye tayari alikuwa amejenga Bunge la Alabama. Nichols alipenda mtindo wa Kigiriki: nguzo ndefu mbele, kuba juu, kila upande ukilingana na mwenzake. Nyumba ya gavana wa Mississippi pia ni kazi yake. Kama kwingine kote kusini enzi hizo, mikono ya watumwa ilikuwamo katika ujenzi huo. Wabunge waliingia Januari 1839 kabla kazi haijakamilika, na mwaka uliofuata Andrew Jackson, rais mstaafu ambaye mji ulipewa jina lake, akaja kuwahutubia.

Uzito wa jengo lakini umo katika yaliyoamuliwa ndani yake, zaidi ya hizo nguzo. Tuchukue machache.

Februari 1839, kikao cha kwanza kabisa, Bunge lilipitisha sheria ya kumruhusu mwanamke aliyeolewa kumiliki mali kwa jina lake. Kabla ya hapo mke akiolewa, mali yake ilihesabiwa ya mume, na wadai wa mume wakija wanazoa yote. Miaka miwili nyuma uchumi ulikuwa umeanguka na madeni yalikuwa yamewajaa watu kooni, kwa hiyo familia nyingi zilitaka pa kufichia mali. Sheria hiyo inatajwa na wanahistoria kama hatua ya mapema ya haki za wanawake Marekani, na ni kweli. Ila ukiisoma yenyewe, sehemu kubwa ya vifungu vyake inahusu aina moja ya mali: watumwa. Mwanamke alipewa haki ya kuwamiliki watu wengine bila mumewe kuwauza kulipia deni.

Tarehe 9 Januari 1861, katika ukumbi wa Wawakilishi wa jengo hilohilo, wajumbe 84 dhidi ya 15 waliamua kuitoa Mississippi katika Marekani. Ilikuwa ya pili baada ya South Carolina. Tamko lao halikuzunguka mbuyu: sentensi zake za mwanzo zinasema msimamo wao umefungamana moja kwa moja na utumwa. Hesabu ya watu ya mwaka 1860 inaeleza kwa nini. Jimbo lilikuwa na watu 791,305, na 436,631 kati yao walikuwa watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofika, sehemu kubwa ya Jackson iliungua mwaka 1863 hata ikabandikwa jina la mji wa mabomba ya moshi, kwa kuwa ndiyo yaliyobaki yamesimama. Bunge lilinusurika.

Mwaka 1865, vita vimekwisha, wabunge walirudi kwenye viti vyao wakatunga sheria za kuwabana watu weusi waliokuwa wametoka utumwani, wasitembee bila mkataba wa kazi, wasijipangie maisha. Miaka mitatu baadaye, 1868, jengo hilohilo liliketisha wajumbe weusi na weupe pamoja wakaandika katiba mpya iliyoanzisha shule za umma kwa wote. Mwaka 1870 Bunge likamchagua Hiram Revels kwenda Seneti ya Washington, Mwamerika mweusi wa kwanza kuingia humo. Mwaka 1872 spika wa Baraza la Wawakilishi akawa John R. Lynch, kijana wa miaka 24 aliyezaliwa mtumwani. Hebu fikiria: miaka 11 tu baada ya kura ya kujitenga, rungu la spika katika ukumbi uleule lilishikwa na mtu ambaye kura hiyo ilikusudia abaki mali ya mwingine.

Haikudumu. Mwaka 1890 katika ukumbi huo walikaa wajumbe 134 kuandika katiba nyingine, na mweusi kati yao alikuwa mmoja, Isaiah Montgomery, mwanzilishi wa mji wa Mound Bayou. Tusimame hapa kidogo, maana ujanja wa katiba hiyo unahitaji kufafanuliwa. Marekebisho ya Katiba ya Marekani ya mwaka 1870 yalikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Basi wajumbe hawakuitaja rangi katika vifungu vya kura. Waliweka kodi ya kichwa ya dola mbili kwa mwaka, nayo iwe imelipwa kwa miaka miwili mfululizo kabla ya uchaguzi. Waliweka sharti kwamba mpiga kura aweze kusoma kifungu chochote cha katiba ya jimbo, au akisomewa akielewe au akieleze. Anayeamua kama umeeleza vizuri ni karani wa uandikishaji, na karani alikuwa mweupe.

Wazee wetu wa Tanganyika na Kenya waliijua kodi ya kichwa kama kitu cha kukimbizana nacho na askari alfajiri. Ya Mississippi ilikuwa kinyume chake. Hakuna aliyekufuata uilipe. Katiba yenyewe ilikataza kumshtaki mtu kwa jinai asipoilipa. Usipolipa hupigi kura, na hicho ndicho kilichotakiwa. Mahakama Kuu ya Marekani ilipoulizwa mwaka 1898 ilisema vifungu hivyo havina ubaya, kwa kuwa rangi haijatajwa. Wananchi hawakupelekewa katiba hiyo waipigie kura. Ndiyo katiba ya Mississippi mpaka leo, ingawa imerekebishwa mara nyingi na vifungu hivyo havimo tena.

Sasa swali la fundi linaanza kuuma. Umepewa ukumbi mmoja wenye 1839, 1861, 1868, 1872 na 1890 ndani yake. Unaurudisha mwaka gani?

Jengo liliachwa mwaka 1903 Bunge jipya lilipokamilika. Lilikuwa limechoka, paa limeoza, na wapo waliotaka livunjwe. Mwaka 1916 na 1917 likafufuliwa na Theodore Link, msanifu yuleyule aliyejenga Bunge jipya. Link hakuwa na haja ya historia. Alitakiwa atoe ofisi. Akaingiza chuma na zege, akagawa kumbi, makarani wakahamia na makabati yao. Kwa miaka zaidi ya 40 watu walipanda ngazi za Nichols kwenda kufuata barua na leseni.

Ukarabati wa 1959 hadi 1961 ndio uliolifanya makumbusho ya historia ya jimbo. Ofisi zikaondolewa, kumbi zikajengwa tena zifanane na za Nichols. Kwa hiyo ukisimama leo katika ukumbi wa Wawakilishi, unasimama mahali penyewe, ndani ya kuta zenyewe, lakini mengi unayoyaona kwa macho ni kazi ya mafundi wa karibu 1960 walioiga miaka ya 1840. Sisemi hivyo kuwalaumu. Wageni wengi hutoka wakidhani wamegusa mbao walizogusa wajumbe wa 1861, na ni haki yao kuambiwa.

Utazame pia wakati wenyewe. Mwaka 1961 ulikuwa wa kutimiza miaka 100 tangu Mississippi ijitenge, na sherehe zilikuwa nyingi. Machi mwaka huohuo wanafunzi tisa weusi wa Chuo cha Tougaloo waliingia katika maktaba ya umma ya Jackson, ya weupe, wakaketi kusoma, wakakamatwa. Mei 24 walishuka mjini humo wasafiri wa kwanza wa yale mabasi ya kupinga ubaguzi, weusi kwa weupe, nao wakapelekwa rumande. Wakati huo watu weusi waliokuwa wameandikishwa kupiga kura Mississippi hawakufika 7 kwa kila 100 wenye umri wa kura, na kizuizi kilikuwa kilekile cha 1890. Makumbusho ya historia ya jimbo lote yalifunguliwa mwaka huo, katika ukumbi huo, na serikali iliyokuwa ikikamata watu hao.

Je, kuchagua miaka ya 1840 ilikuwa njama? Siamini. Sura ya Nichols ndiyo nzuri kuliko zote jengo hilo lilizowahi kuwa nazo, na msanifu yeyote wa wakati huo angeichagua. Ila uzuri nao una kazi yake. Ukumbi uliosafishwa, viti vimepangwa, taa zinang'aa, unamwambia mgeni kwamba hapa walikaa waungwana wakashauriana. Haumwambii nani hakuruhusiwa kuingia. Hilo lazima lisemwe na maelezo ya ukutani, na maelezo ya ukutani huandikwa na anayelipa. Miaka mitatu baadaye, 1964, wataalamu walikutana Venice wakaandika kanuni ambazo bado zinafuatwa duniani: urejeshaji ukome pale unapoanza kubahatisha, na mchango wa kila kipindi katika jengo uheshimiwe. Kwa kipimo hicho, zile ofisi za 1917 zilistahili kuachiwa angalau kona. Mimi ningebakiza chumba kimoja cha karani, na kabati lake la mafaili, maana serikali wengi wetu tunaijua kwa sura hiyo kuliko kwa nguzo.

Halafu ikaja mvua. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipanda kutoka pwani, na ingawa Jackson iko zaidi ya kilomita 200 kutoka baharini, upepo ulikuwa na nguvu ya kubandua sehemu ya paa la shaba la Old Capitol. Maji yakaingia. Makumbusho yakafungwa.

Hapa ndipo tatizo lingine, la kimya zaidi, lilipojulikana kwa wote. Jengo kongwe ni zuri kwa kutazamwa, lakini ni gumu kama ghala la vitu vya kale. Karatasi, nguo na mbao za zamani zinataka hewa isiyobadilika, unyevu uleule mchana na usiku. Kuta nene za matofali za enzi hizo zinavuta unyevu na kuutoa. Ukifunga viyoyozi katika jimbo lenye joto na fukuto kama Mississippi, hewa baridi ya ndani inakutana na ukuta uliolowa unyevu wa nje, maji yanajitengeneza ndani ya lipu, na ukungu unaanza mahali usipopaona. Ukitaka kupitisha mabomba ya hewa inabidi utoboe dari unalolilinda. Ukitaka lifti kwa mgeni mwenye kiti cha magurudumu inabidi upate shimo. Kila kinachokinga vitu kinaliumiza jengo, na kila kinacholikinga jengo kinavihatarisha vitu.

Idara ya nyaraka na historia ya jimbo, inayosimamia makumbusho hayo, ilipata jibu ambalo naona ndilo la busara: kuvitenganisha viwili hivyo. Jengo lilipofunguliwa tena mwaka 2009 halikubebeshwa tena mzigo wa historia yote ya Mississippi. Likaachwa lijisimulie lenyewe, yaani lilivyojengwa, sheria zilizotungwa humo, lilivyookolewa. Historia pana ya jimbo ikajengewa mahali pake karibu hapo, makumbusho mapya mawili chini ya paa moja, Makumbusho ya Historia ya Mississippi na Makumbusho ya Haki za Kiraia ya Mississippi, yaliyofunguliwa tarehe 9 Desemba 2017. Hata ufunguzi huo haukupita kimya. John Lewis, mbunge aliyekuwa miongoni mwa vijana waliokamatwa Jackson mwaka 1961, alikataa kuhudhuria kwa sababu Rais Trump alikuwa amealikwa.

Kuna kitu kimoja kilichopita katika nyumba hizo zote. Mwaka 1894 wabunge waliokaa katika Old Capitol walipitisha bendera ya jimbo ambayo kona yake ya juu ilibeba alama ya vita ya majimbo yaliyojitenga. Ilipepea miaka 126. Tarehe 30 Juni 2020 gavana Tate Reeves alitia saini sheria ya kuiondoa, na kesho yake ikateremshwa kutoka Bunge jipya, ikakunjwa, ikakabidhiwa makumbusho. Iko sasa mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwenye ukumbi ilikozaliwa, katika chumba chenye unyevu usiobadilika.